Tumaini, Tarajio, Tamaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno ya Matumaini

Kosa linalojirudia katika maneno haya ni moja. Mwandishi huchukua neno la kwanza linalomjia, bila kujiuliza ana ushahidi kiasi gani wa anachokisema na nani atabeba lawama kisipotokea. Hapo ndipo ahadi huzaliwa mahali ambapo hakuna aliyeahidi, na tumaini la kweli husomeka kama maneno ya kujaza nafasi. Majibu yafuatayo yanawahusu wanaoandika, wanaofundisha, wanaotafsiri na wanaozungumza na watu walio katika dhiki.

Matumaini ni nini hasa?

Ili mtu awe na matumaini, mambo matatu lazima yawepo pamoja. Kuna jambo analolitaka, jambo hilo linawezekana, na bado hajajua kama limekuwa au halikuwa.

Ondoa moja uone neno linavyobadilika. Asipolitaka jambo lenyewe, kinachobaki ni tarajio au utabiri: mtu anaweza kutarajia bei ya unga ipande, lakini hatumai ipande isipokuwa yeye ndiye muuzaji. Lisipowezekana, tumefika kwenye njozi, au kwenye majuto yanayofunguliwa kwa neno *laiti*. Akishajua, huo ni uhakika, au yakini kama wanavyosema watu wa dini.

Zingatia hilo la kutojua. Wengi hufundishwa kwamba matumaini ni ya wakati ujao tu, lakini "Natumai ulifika salama" ni sentensi sahihi kabisa. Safari imekwisha, ila msemaji hajapata habari.

Kutumai, kutarajia, kutegemea, kutazamia, kutamani: tofauti iko wapi?

Chukua fundi cherehani anayeulizwa habari ya gauni la harusi. Akijibu "Natumai litakuwa tayari Ijumaa", ameeleza anachokitaka tu. Huenda kitambaa bado kiko kwenye mfuko wa nailoni ulioletwa na mteja. Akisema "Natarajia litakuwa tayari Ijumaa", anadai kuwa ana sababu: gauni limeshakatwa na kuungwa, imebaki bitana, zipu na pindo. Akisema "Nitegemee", amejitwika jukumu mwenyewe, na Ijumaa ikipita ana deni la kueleza. Mteja naye anayesema "Natamani gauni kama lile la dukani" hajasema lolote kuhusu uwezekano wa kulipata.

*Kutazamia* kuko karibu sana na kutarajia, ila ndani yake mna kutazama: mtu ameelekeza macho upande ambao jambo linatokea. Ndiyo maana linafaa kwa mambo yanayofuatiliwa hatua kwa hatua, na ndiyo maana mfanyakazi mpya anayechunguzwa kabla ya kuthibitishwa kazini husemwa yuko katika kipindi cha matazamio.

Taarifa za hali ya hewa zinatoa somo zuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husema mvua za wastani *zinatarajiwa* katika mikoa fulani. Haisemi zinatumainiwa, kwa sababu inazungumza kutokana na vipimo. Mkulima anayesikiliza redio ndiye mwenye haki ya kusema "natumai zitanyesha". Mvua ni ileile, ila wawili hao wana msingi tofauti wa kuzungumza.

Ipi ni sahihi: natumai au natumaini?

Zote mbili ni sanifu. *Tumai* ni kitenzi tu. *Tumaini* ni kitenzi na pia ni nomino. Nchini Kenya utasikia zaidi *natumai*, na Tanzania *natumaini* lina nguvu zaidi, ingawa hakuna upande unaoshangaa kusikia la mwenzake. Usichanganye tu ndani ya waraka mmoja. Chagua moja uende nalo hadi mwisho.

Kwenye kauli ya kutendea hakuna mjadala: ni *tumainia*. "Huyu ndiye tunayemtumainia." Na tafsiri ya Biblia ya Union Version inayaweka maneno mawili ya ukoo huu bega kwa bega katika Mithali 3:5: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe."

Baada ya "natumai" kitenzi kiwe cha wakati gani?

Wakati wowote wa kawaida, kulingana na jambo lenyewe: natumai *utakuja*, natumai *umekula*, natumai *ulimwona*, natumai *unaendelea vizuri*. Unaweza pia kutumia kitenzi-jina, "natumai kukuona Jumamosi", mradi anayetumai na atakayetenda ni mtu yuleyule.

Kosa la kuepuka ni "natumai uje". Umbo hilo la *uje*, *ule*, *usome* huenda na kuomba, kutaka na kuamuru. Kutumai hakumwamuru mtu.

Katika simulizi kuna jambo jingine la kuangalia. "Nilitumai atakuja" inaliacha jambo wazi. "Nilitumai angekuja" inamwambia msomaji kuwa hakuja, hata kabla hujamaliza aya. Mwandishi asiyejua tofauti hii huvujisha mwisho wa habari yake mwenyewe.

Nikanushe vipi?

Kwanza umbo. Vitenzi vinavyoishia na *-i* havibadiliki mwishoni: natumai, *situmai*, natumaini, *situmaini*, nataraji, *sitaraji*. Vinavyoishia na *-a* hubadilika: natarajia, *sitarajii*, nategemea, *sitegemei*, namtumainia, *simtumainii*. Zile irabu mbili mfululizo, *sitarajii*, si kosa la uchapaji. Wahariri wengi huifuta moja na kuharibu neno.

Kisha maana, na hapa ndipo watu huteleza. Ukitaka jambo lisitokee, kanusha kitenzi cha pili: "Natumai hatachelewa." Ukikanusha cha kwanza, "Situmai atachelewa", sentensi inageuka kuwa kitendawili, kana kwamba kuchelewa kwake kungekuwa jambo la kutamaniwa. "Sitarajii atachelewa" ni sawa, kwa sababu hapo unapima uwezekano. Na *sikutarajia* limekuwa neno la mshangao kabisa: "Sikutarajia kukukuta hapa!"

Kwa jambo baya mno, watu hawasemi "natumai halitatokea". Husema *Mungu apishe mbali*, au *Mungu aepushe*. Kumwambia aliyefiwa na mtoto mmoja "natumai mwingine hatakufa" ni kumjeruhi, hata kama sarufi haina dosari.

Tanzania watu husema "nategemea mvua itanyesha". Ni kosa?

Matumizi hayo yameenea sana, na mtu hawezi kusema hayaeleweki. Hata hivyo, kwenye maandishi rasmi ni bora yaepukwe, kwa sababu yanaziba maana ya msingi. Kutegemea ni kuegemea: mtoto anamtegemea mama, ukuta unategemea nguzo, mavuno yanategemea mvua. Andika "Kampuni inategemea mkopo" na msomaji hatajua kama kampuni inasubiri mkopo au haiwezi kuishi bila mkopo. Katika taarifa ya fedha tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Andika *inatarajia kupata mkopo* kwa maana ya kwanza, na uache *inategemea* kwa ya pili.

Methali "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" inahusu maana hiyo ya kuegemea. Ukiisoma kwa maana ya kutarajia, ukali wake unapotea.

"Mama mtarajiwa" maana yake nini?

Ni mwanamke anayetarajiwa kuwa mama, yaani mjamzito. Ndivyo ilivyo kwa *baba mtarajiwa*, *bibi harusi mtarajiwa* na *mgombea mtarajiwa*. Hakuna anayesema "mama mtumainiwa", kwa sababu mimba ipo na hesabu yake inajulikana. Kliniki huhesabu siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tarehe inayopatikana ni makisio, na mtoto anayezaliwa wiki ya 39 au ya 41 hajaenda kinyume na lolote. Wajomba na shangazi wanaoanza kupiga simu za wasiwasi siku ya 281 wamegeuza tarajio kuwa ahadi.

Tamaa ni jambo zuri au baya?

Siku hizi, likisimama peke yake, ni baya. "Ana tamaa" ni lawama. "Tamaa ya fisi" ni lawama zaidi. Na "Tamaa mbele, mauti nyuma" haihitaji maelezo. Neno lilitoka katika Kiarabu likiwa na harufu hiyohiyo ya kutaka kupita kiasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "Nina tamaa ya kufaulu" anajidhulumu. Aandike *nina hamu*, *nina ari* au *nina matumaini*, kila moja kwa maana yake.

Lakini ndani ya msemo *kukata tamaa*, neno hilohilo lina maana ya tumaini, na hapo halina lawama. Msemo huu una familia nzima ya maumbo, na si yote yanayotumiwa vizuri:

*Kata* ni la mwenyewe: "Amekata tamaa ya kupona." *Katisha* ni la kinachosababisha: "Matokeo yanakatisha tamaa." *Katishwa* ni la anayepokea: "Tumekatishwa tamaa na uamuzi huo." *Katika* ni la tamaa yenyewe: "Tamaa ilimkatika." Umbo lisilokubalika ni "nimekatwa tamaa", ambalo sasa linaonekana mno mitandaoni. Anayekata ni wewe; mwingine hukukatisha.

Kukata tamaa na kuvunjika moyo havilingani. Aliyevunjika moyo amepungukiwa nguvu ya kuendelea, ingawa bado anaweza kuamini kuwa jambo linawezekana; huyo hutiwa moyo, na akajipiga moyo konde akaendelea. Aliyekata tamaa ameshafunga hesabu. Maneno matamu hayamsaidii kama hujamwonyesha njia ambayo alikuwa haijui.

Matumaini huenda na sifa na vitenzi gani?

Tumaini na matumaini yako katika ngeli ya LI-YA: *tumaini limebaki*, *matumaini yamebaki*. Umoja hutumika zaidi kwa jambo moja zito, hasa la kidini. Wingi ndio wa kila siku. *Tamaa* ni I-ZI. *Matarajio* hayana shida, ila yanachukuliana na vitenzi vyake: matarajio hutimia, hufikiwa au huenda kinyume, matumaini hufifia, huyeyuka, huzimika, hufufuka, na yakitoweka ghafla husemwa yameota mbawa.

Kwa kiasi, wanahabari wa michezo wamelitendea haki neno hili: matumaini *finyu*, matumaini *hafifu*, matumaini *kiduchu* ya kufuzu. Yasiyo na msingi ni matumaini *hewa*. Habari inayoelekeza pazuri ni habari *ya kutia matumaini*.

Ile "kuona mwanga mwisho wa handaki" imekopwa neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya. Inaeleweka, lakini "Baada ya dhiki faraja" ni fupi zaidi na ina uzito ambao handaki halina.

Imani, tumaini na subira vinaachana wapi?

Imani ni kukubali kuwa jambo ni kweli. Tumaini ni kulielekea kwa moyo. Subira ni kazi inayofanywa katikati, wakati jambo halijafika. Mtu anaweza kuwa na la kwanza akakosa la tatu, na ndipo tunapoona wanaoanza vizuri wakaishia njiani. Hata methali zetu zinavutana kuhusu hilo: "Subira yavuta heri" upande mmoja, "Ngoja ngoja huumiza matumbo" upande mwingine. Ya kwanza inamfaa anayengoja huku akifanya linalomhusu. Ya pili inamkemea aliyekaa tu.

Wakristo wanaotumia Union Version watayakuta maneno mawili yakipokezana: 1 Wakorintho 13:13 ina *tumaini*, Warumi 8:24 ina *taraja*, umbo la zamani la tarajio, na Waebrania 11:1 inazungumzia *mambo yatarajiwayo*. Taraja hiyo haina maana ya makisio ya leo; ni tumaini kamili. Mhubiri kijana anayeifafanua kwa maana ya magazeti huipunguza aya.

Kwa Waislamu, masheikh hufundisha *khofu* na *rajaa* kwa pamoja: kumwogopa Mungu na kutaraji rehema yake. Ikizidi khofu peke yake mtu hukata tamaa, jambo linalokatazwa waziwazi katika Sura Az-Zumar aya ya 53. Ikizidi rajaa peke yake hujisahau, akaendelea na maovu kwa kuwa "Mungu ni mwingi wa rehema".

"Inshallah" ni ahadi au ni njia ya kukwepa?

Kwa asili ni adabu ya mwenye kuahidi. Sura Al-Kahf, aya za 23 na 24, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu. Yakobo 4:15 ina fundisho kama hilohilo, na ndiyo maana *Mungu akipenda*, *tukijaliwa* na *panapo majaliwa* hutoka vinywani mwa watu wa dini zote mbili.

Kwamba wapo wanaolitumia kukataa kwa upole, ni kweli. Msikilizaji huipima ahadi kwa kinachofuata neno hilo. "Inshallah nitafika saa nne, nitapitia kwa mjomba kwanza" ni ahadi. "Haya, inshallah," ikiishia hapo, mara nyingi ni hapana isiyotaka kukuumiza. Ukihitaji jibu la kufanyia kazi, uliza kitu kidogo kinachofuata: "Nikupikie na wewe?" Hapo ukweli hutoka bila mtu kuaibika.

Kwenye barua nianze na nimalizie vipi?

Barua ya nyumbani ina njia yake ya zamani: "Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu." Hakuna sababu ya kuiona imepitwa na wakati, kwa mzee bado ni heshima.

Barua rasmi iende moja kwa moja kwenye jambo. Kwenye mwisho, "Natumaini ombi langu litakubaliwa" ni sawa. "Natarajia kupata jibu lako" inakubalika kama mmeshakubaliana kuwa jibu litakuja. "Nategemea majibu mapema" kwa mkuu wa ofisi usiyemjua inasikika kama agizo, na ni moja ya sentensi zinazowaponza waombaji kazi. *Natanguliza shukrani* inatosha.

Nimtie moyo mgonjwa vipi bila kumpa matumaini hewa?

Acha "Utapona tu, usijali." Inamfunga mgonjwa mdomo: akishaambiwa asijali, hana tena pa kuitua hofu yake. Na asipopona, aliyeyasema maneno hayo haaminiki tena hata akileta habari ya kweli.

Taja jambo dogo, la karibu, lenye siku yake: "Jumatano majibu ya damu yanatoka, nitakuwepo." Muulize anatumai nini, badala ya kumchagulia. Anayeugua muda mrefu hubadilisha anachokitumai, na hilo si kushindwa. Mwezi huu anatumai kupona. Baadaye anatumai kulala usiku mzima bila maumivu, au kuiona harusi ya binti yake. Daktari au ndugu anayeng'ang'ania tumaini la kwanza wakati mgonjwa ameshahamia la pili humwacha peke yake.

Mtu akisema "nimekata tamaa ya kuishi" au "sioni sababu ya kuendelea", usijibu kwa methali. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo ambalo hakuwa nalo. Kama ndivyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, viuatilifu vya shamba na kamba, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wanasaikolojia wanayapimaje matumaini?

Nadharia inayotumiwa sana ni ya C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Kwake, matumaini ni lengo pamoja na vitu viwili: *njia*, yaani kuona jinsi ya kulifikia, na *msukumo*, yaani kujiona unaweza kuzipita njia hizo. Kipimo chake cha watu wazima cha mwaka 1991 kina sentensi 12: nne za njia, nne za msukumo, na nne za kujazia ambazo hazihesabiwi.

Kwa anayekitafsiri kipimo cha aina hii, hatari iko kwenye kitenzi. Ukiandika *natarajia*, unapima makisio ya mtu. Ukiandika *natumai*, unapima anachokitaka. Na *nategemea* linaweza kupima kama ana ndugu wa kumsaidia. Mpe mtu wa pili atafsiri kurudi lugha ya awali bila kuona matini ya awali, kisha wahoji watu wachache wa vijijini na wa mjini waeleze kwa maneno yao walivyoielewa kila sentensi. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa, na ndiyo inayofichua mengi.

Majina gani ya watu yanatokana na maneno haya?

Tumaini, Matumaini, Faraja, Subira na Imani yanajulikana kote. Tumaini na Faraja hupewa wa kike na wa kiume, Subira kwa kawaida wa kike. Huko Kivu, Kongo, kuna Kitumaini. Amal ni tumaini kwa Kiarabu, na lisichanganywe na *amali* ya Kiswahili yenye maana ya matendo: kwa Kiarabu herufi zao za kwanza ni tofauti. Rajabu halimo katika ukoo huu. Hilo ni jina la mwezi.